Mgonjwa haulizwi uji, lakini moyo wake huulizwa maji

Swali: Shikamoo daktari. Mjomba wangu ni mkwezi wa nazi hapa Malindi. Alianguka kutoka mnazini, pingili ya kiuno ikavunjika, na sasa anapelekwa Mombasa kuwekwa vyuma. Daktari wa nusu kaputi alitueleza mengi, lakini nilipomuuliza mjomba atatiwa chupa ngapi za maji akiwa amelala, alinijibu: "Itategemea, tutaangalia humo humo." Kusema kweli jibu hilo limenitia wasiwasi. Mtu amelala kifudifudi, hasemi ana kiu, hasemi ana kizunguzungu. Watajuaje kama anahitaji maji? Si kubahatisha huko? Shangazi yangu naye alipofanyiwa upasuaji wa mgongo alitoka uso umefura, hata hatukumtambua, na watu wakasema alijazwa maji. Na je, tutafute watu wa kutoa damu sasa, au tungoje mpaka tuambiwe?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe mjomba pole zangu. Jibu lililokutia wasiwasi ndilo lililonipa mimi matumaini. Daktari ambaye angekutajia idadi ya chupa kabla mgonjwa hajapandishwa mezani, huyo ndiye ningemtilia shaka. Anayesema "tutaangalia humo humo" hajakwepa swali lako. Amekwambia namna kazi inavyofanywa, ila hakuwa na nafasi ya kukueleza ataangalia nini. Hilo nitakueleza mimi.

Zamani chupa zilikuwa zinahesabiwa mapema kweli. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Holliday na Segar, waliandika namna ya kukadiria mahitaji ya maji kwa watoto waliolazwa. Kutokana na kazi yao ikazaliwa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa fani yetu huikariri mpaka leo: mililita 4 kwa saa kwa kila kilo katika kilo 10 za mwanzo, 2 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata, na 1 kwa kila kilo iliyobaki. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 100 kwa saa. Kama alifunga saa 8 kabla ya upasuaji, akahesabiwa deni la mililita 800, na deni likalipwa. Kisha mwaka 1961 likaja wazo la Shires, daktari wa upasuaji wa Marekani, kwamba upasuaji wenyewe huyavuta maji yakajificha kwenye nyama za mwili, basi yakaongezwa mengine kwa ajili hiyo. Damu iliyomwagika nayo ikarudishiwa maji mara tatu ya kiasi chake. Jumlisha mwenyewe: upasuaji wa saa tano, damu lita moja, na mgonjwa anatoka na lita tano au zaidi mwilini bila mtu yeyote kuuliza kama alizihitaji.

Kwamba maji ya dripu ni dawa yenye makali yake, ulimwengu ulikumbushwa kutoka kaunti yenu hii hii. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliosimamiwa kutoka Kilifi, wa watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofikishwa hospitali na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Waliotiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: kama 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Watu wengi wa fani yetu hawakuamini macho yao. Hao walikuwa watoto wenye maradhi makali, si watu wazima wa upasuaji, kwa hiyo siwezi kuzichukua takwimu zao nikambandika mjomba wako. Lakini ile dhana ya "maji kwani yana madhara gani?" haikubaki salama baada ya hapo.

Na usije ukadhani dawa ni kumbania. Mwaka 2018 utafiti mwingine mkubwa, wa wagonjwa karibu 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, uliwagawa watu mafungu mawili, waliotiwa maji kwa ukarimu na waliobanwa. Waliobanwa ndio walioumia figo zaidi, asilimia 8.6 dhidi ya 5.0. Ukizidisha unaharibu, ukipunguza unaharibu, na kiasi kilicho sawa kwa mjomba si kile kilicho sawa kwa jirani yake wa kitanda cha pili. Ndiyo maana inabidi aulizwe yeye mwenyewe. Kinywa kimelala, basi tunauuliza moyo.

Tunauuliza nini? Hapa ndipo watu wengi, hata wa hospitalini, hupotea njia. Hatuulizi "mwili umepungukiwa maji kiasi gani?" Hakuna kipimo cha mezani kinachojibu hilo. Tunauliza jambo dogo zaidi: nikimpa bilauri moja hivi sasa, moyo utaitumia? Yaani kila pigo litasukuma damu zaidi kuliko lilivyokuwa likisukuma?

Umechezea manati utotoni, bila shaka. Ukivuta mpira kidogo, jiwe linaanguka miguuni pako. Ukiuvuta zaidi linakwenda mbali. Lakini mpira ukishafika mwisho wake, hata ujikaze vipi jiwe haliongezi mwendo, na ukiendelea mpira unachoka. Nyama za moyo zina tabia hiyo, walivyoonyesha Otto Frank kule Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na Ernest Starling kule Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Damu ikirudi nyingi moyoni, kuta zinavutika, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu zaidi. Ikifika kikomo, maji unayoongeza hayana kazi, yanarudi nyuma kwenye mapafu na kwenye nyama. Katika tafiti za wagonjwa mahututi ambao presha imewashuka, ni karibu nusu yao tu ambao moyo uliitikia walipotiwa maji. Nusu nyingine walitiwa bure. Na yakishaingia, maji yakimwagika hayazoleki: kuyatoa ni kazi ya figo, nazo hazina haraka.

Sasa, tunatambuaje yuko nusu ipi? Vipimo ambavyo ungevifikiria wewe kwanza ndivyo vinavyodanganya. Presha ikishuka, yaweza kuwa ni damu imepungua, lakini dawa za usingizi zenyewe hulegeza mishipa na kuishusha presha bila tone kumwagika. Mapigo ya moyo hukimbia kwa upungufu wa damu, na pia kwa maumivu, au kwa usingizi ambao bado haujakolea. Mkojo kwenye mfuko nao unashawishi sana. Tumefundishwa kutarajia nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, na nesi akisema "daktari, mkojo hautoki" kila mtu anainua macho kutazama chupa. Lakini mwili uliopasuliwa hutoa homoni inayoziamuru figo zishike maji, hata kama maji yapo ya kutosha. Mkojo mchache wakati wa upasuaji si ushahidi wa kiu.

Kuna kipimo kingine kilichotawala kwa miaka mingi, cha presha ya ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walizikusanya tafiti zilizokuwepo kuona kama namba hiyo inatabiri nani atafaidika na maji. Haikutabiri lolote la maana. Utafiti pekee walioukuta ambamo kipimo kilifanya kazi vizuri ulikuwa wa farasi jike saba, waliosimama wima, macho makavu, huku wakitolewa damu kidogo kidogo. (Kule Lamu, nadhani, wangetaka irudiwe kwa punda kabla ya kuamini.)

Kinachosaidia ni kuutikisa moyo kidogo na kuangalia unavyoyumba. Na mtikisiko wenyewe tayari upo. Mjomba akilala atapumuliwa na mashine. Kila mashine inaposukuma hewa kifuani, msukumo wa ndani unapanda na damu inayorudi moyoni inabanwa. Mapigo machache baadaye upande wa kushoto wa moyo unapokea kidogo, unatoa kidogo, na presha inashuka. Hewa ikitoka, inapanda tena. Moyo ulioshiba damu hautetereki sana kwa hilo. Moyo wenye njaa unayumba kila pumzi, na kuyumba huko kunaonekana kwenye skrini, ule mstari wa presha ukipanda na kushuka mbele ya macho.

Ili kuuona mstari huo huwekwa mpira mwembamba ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono. Hesabu yake si ngumu. Tuseme presha ilipopanda zaidi ilikuwa 110 juu ya 70, tofauti 40. Ilipozama zaidi, pumzi ile ile, ilikuwa 102 juu ya 68, tofauti 34. Kutoka 40 hadi 34 ni 6, na wastani wa tofauti hizo mbili ni 37. Gawanya 6 kwa 37, unapata asilimia 16. Mashine nyingi za kisasa zinakupigia hesabu hiyo zenyewe na kuandika namba pembeni. Mwaka 2000 Wafaransa walionyesha kwamba, kwa wagonjwa wa maambukizi makali yaliyoenea mwilini waliokuwa kwenye mashine, namba ikipita 13 moyo karibu kila mara utaitikia maji. Miaka kadhaa baadaye utafiti mkubwa zaidi wa watu waliokuwa chini ya nusu kaputi ukaongeza busara: kati ya 9 na 13 namba haisemi kitu cha kutegemewa. Chini ya 9, weka chupa pembeni. Juu ya 13, mpe. Katikati, tafuta shahidi mwingine.

Haya yote, mwanangu, yalipimwa zaidi kwa watu waliolala chali. Mjomba wako atageuzwa kifudifudi, na hapo hadithi inabadilika. Hapa ndipo pahala ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo upasuaji wa mgongo unapotofautiana na mwingine wote.

Mtu akilala juu ya tumbo lake, tumbo linabanwa, na ndani ya tumbo upo mshipa mkuu wa kurudisha damu kutoka miguuni na nyonga. Ukibanwa huo, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, damu inayofika moyoni inapungua, na kiasi ambacho moyo unasukuma kwa dakika kinashuka, pengine kwa sehemu moja ya tano au karibu na hapo, kutegemea amelazwa vipi. Pili, damu iliyozuiliwa njia hutafuta uchochoro, na uchochoro wenyewe ni mtandao wa vena, yaani mishipa ya kurudisha damu, unaozunguka uti wa mgongo. Vena hizo hazina milango ya kuzuia damu kurudi nyuma, jambo ambalo daktari wa Marekani, Batson, alilieleza mwaka 1940. Kwa hiyo zinafura, tena pale pale ambapo daktari wa mifupa anataka kuchimba. Tumbo likibanwa, moyo unapata damu pungufu na kidonda kinavuja zaidi. Ndiyo sababu utaona, ukibahatika kuchungulia, mgonjwa amelazwa kifua juu ya tegemeo moja na nyonga juu ya jingine, tumbo likining'inia huru katikati. Zipo meza maalumu za kazi hiyo, na pasipo na meza, mito migumu iliyowekwa kwa uangalifu inafanya kazi. Nimeona presha iliyokuwa ikisumbua ikatulia kwa kusogeza mto mmoja tu, chupa haikuguswa. Kabla ya kuongeza maji, daktari mzuri huingiza mkono chini ya shuka akalipapasa tumbo kama liko huru.

Na ile namba ya kuyumba? Kifudifudi inapanda yenyewe, hata kama hajapoteza damu yoyote, kwa sababu kifua kimekuwa kigumu na damu inayorudi imebanwa. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010, kwa watu waliokuwa wakinyooshwa migongo iliyopinda, ulionyesha kwamba kuyumba bado kunatabiri nani ataitikia maji, ila mstari wa mpaka unahama: karibu asilimia 11 kwa chali, karibu 15 kwa kifudifudi. Anayetumia mpaka wa chali kwa mtu aliyegeuzwa atamtia maji kwa sababu ya godoro. Kwa hiyo namba huandikwa kabla ya kumgeuza, ikaandikwa tena dakika chache baada ya kumgeuza na kumpanga vizuri, na hiyo ya pili ndiyo inayokuwa msingi wa saa zinazofuata. Mimi kwa hukumu yangu naiamini safari ya namba kuliko namba. Aliyetulia kwenye 11 saa nzima, kisha akapanda hadi 18 huku mashine ya kufyonza damu ikinguruma, sihitaji kitabu kuniambia anadai nini.

Masharti yapo, na nitayapitia upesi. Mapigo ya moyo lazima yawe na mpangilio, kwani moyo unaorukaruka huharibu hesabu. Mgonjwa asiwe anapumua mwenyewe. Mashine iwe inasukuma hewa ya kutosha, yaani mililita 8 kwa kila kilo ya uzito anaostahili kwa urefu wake. Siku hizi, kwa kulinda mapafu, wengi husukuma 6 tu, na pumzi ndogo haiutikisi moyo kiasi cha kuonekana. Hapo kuna ujanja mzuri: pandisha pumzi kutoka 6 hadi 8 kwa dakika moja tu, uone kama kuyumba kunaongezeka kwa alama tatu na nusu au zaidi, kisha rudisha. Ujanja mwingine tunaoupenda wodini, wa kuinua miguu ili damu ya mapajani irudi moyoni kama dripu ya kuazima, huwezi kuufanya kwa mtu aliyelala kifudifudi na mgongo umefunguliwa.

Utaniuliza: na hospitali isiyokuwa na mpira wa ateri? Wagonjwa hawangoji vifaa. Ile klipu ya kidoleni inayopima oksijeni nayo ina mawimbi yanayoyumba kwa pumzi, na baadhi ya mashine huyapima, ingawa kidole kikipoa au mishipa ikibanwa na dawa, usiiamini. Lipo pia jaribio la mkono mtupu. Unatia mililita 100 kwa dakika moja, au 250 kwa dakika kumi, huku hujabadilisha kitu kingine chochote, na unatazama. Kama mashine inapima hewa ya kaboni inayotoka kwa kila pumzi, itazame hiyo: mashine inapumua vile vile, kwa hiyo kaboni ikipanda baada ya maji maana yake damu nyingi zaidi imefika mapafuni, moyo umeitikia. Isipopanda, na presha isipobadilika, umepata jibu kwa gharama ya nusu bilauri, si kwa gharama ya lita mbili.

Halafu kuna hesabu ya damu, ambayo haihitaji teknolojia yoyote ila mtu mwaminifu na mizani. Chupa ya kufyonza inaonyesha mililita 1,400. Nesi anajua amemwaga mililita 600 za maji ya chumvi kusafisha kidonda, basi damu humo ni 800. Vitambaa vikubwa kumi vya kufyonzea, vikavu vilikuwa gramu 20 kila kimoja, jumla 200. Sasa vinasoma 550 kwenye mizani. Gramu moja tunaichukulia mililita moja, kwa hiyo vimebeba 350. Jumla mjomba amepoteza 1,150, bila kuhesabu iliyolowa kwenye mashuka na viatu vya daktari. Mtu akikadiria kwa jicho tu hukosea sana, na kosa la kawaida ni kupunguza.

Kiasi hicho kinalinganishwa na alichonacho. Mwanamume ana kama mililita 70 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 60 ana lita 4.2. Kama hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni 13 na tumekubaliana asishuke chini ya 8, tunachukua 4,200, tunazidisha kwa 5 (yaani 13 kutoa 8), tunagawanya kwa 13: karibu lita 1.6. Hiyo ndiyo akiba yake kabla ya kufungua mfuko wa damu. Lakini kama angefika na hemoglobini ya 10, akiba ingekuwa mililita 840 tu, na ile 1,150 ya mfano wetu ingekuwa imeshapita mpaka. Unaona sasa kwa nini mgonjwa hutolewa damu ya kupima kabla ya upasuaji. Mara nyingi huongezwa pia dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, inayozuia mabonge ya damu yaliyokwisha kuganda yasiyeyuke, ili kidonda kivuje kidogo.

Bado hatujamaliza, kwa sababu presha ya chini si lazima iwe deni la maji. Uti wa mgongo uliogandamizwa na mfupa uliovunjika unataka damu ifike kwa nguvu, na madaktari hawataki presha ilegee hata kidogo. Moyo ukijibu kwamba hauhitaji maji na presha bado iko chini, kinachohitajika ni dawa ya kubana mishipa, inayoingia tone kwa tone kwa pampu. Walioumia shingo au kifua cha juu ndio hasa wa namna hiyo, kwa kuwa neva zinazobana mishipa zimekatika mawasiliano. Mishipa inalegea, mapigo yanakwenda polepole, na ukiwatia maji peke yake utawazamisha. Jeraha la mjomba liko kiunoni, hilo halimkabili kwa kiwango hicho, ila naliandika kwa sababu wakwezi wengine huangukia shingo.

Kuhusu shangazi. Sikuwepo, kwa hiyo sitamhukumu aliyemlaza. Uso kufura baada ya saa nyingi za kulala kifudifudi ni jambo la kawaida, kwani maji ya mwili hufuata mteremko, na kope na midomo vina ngozi laini. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili akishalala chali, kichwa kikiwa juu kidogo. Maji mengi ya dripu huzidisha hali hiyo, hilo ni kweli. Tunachokiogopa si sura. Koo nalo laweza kuvimba, na ndiyo maana wakati mwingine mgonjwa hubakishwa na mpira wa kupumulia kwa saa kadhaa zaidi, watu wa nyumbani wakadhani mambo yameharibika. Tunaogopa pia macho. Kuna madhara adimu sana ambapo neva ya jicho hukosa damu wakati wa upasuaji wa mgongo na mtu akaamka haoni. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipoyakusanya matukio hayo na kuyachapisha mwaka 2006, karibu yote ya aina hiyo, asilimia 96, yalihusu kupoteza damu lita moja au zaidi, au kulala saa sita au zaidi. Kwa hiyo kichwa huwekwa usawa wa moyo au juu kidogo, macho hayagandamizwi na kitu, na maji hayamiminwi ovyo. Mjomba akiamka akasema haoni vizuri, msimwambie "ni dawa, itapita". Mwite nesi saa ile ile.

Yaliyo mikononi mwenu ni haya. Mtu asiyeweza kuinuka kitandani hunywa kidogo makusudi, ili asiwasumbue watu kwa chombo cha kukojolea. Naliona kila mara, hasa kwa wanaume wanaohudumiwa na mabinti na wapwa zao. Joto la Malindi mnalijua, na barabara ya Mombasa ni kilomita kama 120. Mnyweshe njiani na siku za kabla, mpaka hospitali itakapowapa saa ya kuacha. Kwa kawaida chakula huachwa saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, lakini fuateni saa mtakayopewa na hospitali, si yangu. Akiambiwa anaweza kunywa maji hadi saa fulani, anywe kweli. Watu wetu wakisikia "asile" humfungia na maji tangu Isha, akafika mezani amekauka, na hapo namba zote nilizokueleza zinaanza safari zikiwa zimeshapanda.

Kisha mwambieni daktari wa nusu kaputi kila anachokitumia, bila haya. Dawa za presha, kwa kuwa baadhi yake huacha presha ikaporomoka mgonjwa akilala. Aspirini na dawa zozote za kulainisha damu. Miti shamba aliyopewa na wazee baada ya kuanguka. Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, kama anatafuna, na lini alitafuna mara ya mwisho, kwa sababu hukimbiza moyo na kupandisha presha, na daktari asiyejua atayasoma mapigo hayo kama kiu. Kama kuna ugonjwa wa selimundu katika ukoo, semeni kabla hajafika mlangoni.

Damu msingoje kuambiwa. Ulizeni leo hospitali inataka watu wangapi wa kutoa na wapi, kisha watu wazima wenye afya waende mapema, kwa sababu damu ikishatolewa inapimwa maradhi kabla ya kuruhusiwa, na hilo halifanyiki kwa dakika tano. Si lazima iwe ya kundi la mjomba. Ikiwa tofauti itamfaa mgonjwa mwingine, na benki itampa yeye inayomfaa. Wewe mwenyewe, kama umekula vizuri na huna homa, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali.